Enyi Wanavyuo, Utafiti Hauuzwi Steshenari

Wanangu mlioko vyuo vikuu, na ninyi wazazi mnaowalipia, leo nina ugomvi nanyi na sitauzungusha. Imezuka biashara kandokando ya vyuo vyetu, na kwa kuwa imekaa miaka bila kukemewa, imeanza kuonekana halali. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyebakiza ripoti ya utafiti ili avae joho, anaingia steshenari kuagiza kazi ambayo hajaandika hata mstari. Anataja kozi anayosoma, anataja jina la msimamizi, anaacha nusu ya malipo, anaondoka zake. Siku zikipita anarudi na flashi kuchukua sura tano zenye jina lake juu ya jalada. Ndani yake mna ule ukurasa wa ikirari, unaosema kuwa kazi hii ni yake mwenyewe na haijapata kuwasilishwa katika chuo kingine chochote. Anatia sahihi papo hapo, juu ya kaunta, kwa kalamu ya kuazima.

Sitapoteza wino kuthibitisha kwamba huo ni uongo na kwamba uongo ni dhambi. Hayo mmeyajua kabla hamjajua kusoma. Linaloniuma ni kwamba mnajipunja, na mnaojipunja hivyo si wajinga.

Narudia, si wajinga. Pita kijiwe chochote cha kahawa jioni uwasikilize vijana hawa hawa wakibishana juu ya Simba na Yanga. Kijana ambaye mwaka 1993 alikuwa hajazaliwa atakueleza namna Simba ilivyofika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare bila mabao na Stella kule Abidjan, kisha ikafungwa mbili hapa hapa Dar es Salaam. Ukikosea mwaka atakusahihisha. Ukidai jambo atakuuliza nani kakwambia, na umesoma wapi. Mwenzao akileta habari ya mtandaoni, watatu watamrukia: ukurasa huo ni wa mashabiki, lete taarifa ya klabu yenyewe. Haya, niambieni. Kudai ushahidi, kupima chanzo, kumtenga aliyeona na aliyesimuliwa, kunyamaza mwenzio akileta hoja nzito kuliko yako. Utafiti ni kitu gani kingine? Lakini kijana huyo huyo mpe mada chuoni, atageuka bubu, ataanza kuulizia bei.

Na waliokaa madrasa hawana udhuru hata chembe. Imam Bukhari, aliyezaliwa Bukhara mwaka 810 wa Miladi, alizunguka Makka, Basra, Kufa, Baghdad na Misri akitafuta hadithi za Mtume. Hakuridhika na utamu wa maneno. Alitaka kujua nani kapokea kwa nani, kama kweli walikutana, kama mpokezi alikuwa mkweli na kumbukumbu yake ilikuwaje. Inapokewa kuwa alipitia hadithi kama laki sita, na zilizoingia katika Sahihi yake ni elfu saba na kitu, nyingi humo zikiwa zimerudiwa. Ustadhi wako alipokueleza kuwa hadithi hii ni sahihi na ile ni dhaifu kwa sababu mlolongo wake umekatika, alikuwa anakufundisha marejeleo! Leo mhadhiri akikutaka utaje mwandishi, mwaka na ukurasa, unanung'unika kuwa huo ni usumbufu wa Wazungu. Wazungu gani?

Wa kanisani nao wasicheke. Fungueni Injili ya Luka mwanzoni kabisa. Anamweleza Theofilo kuwa wengi wameshaandika kabla yake, kuwa habari zimetoka kwa walioshuhudia kwa macho yao, kuwa yeye mwenyewe amechunguza yote tangu mwanzo, ndipo akaona vema amwandikie kwa taratibu ili apate kuwa na hakika. Aya nne tu hizo, na ndani yake mna kazi tangulizi, mna vyanzo, mna mbinu, mna na lengo la kuandika. Ripoti ngapi za kurasa 80 zinafungiwa kabatini kila mwaka bila kuwa na hata mawili kati ya hayo?

Lakini liko jambo linalonichoma kuliko hata huko kununua, nalo ni hili la kujaza dodoso chumbani. Anayenunua angalau amekiri kuwa hawezi. Huyu anaweza, ila hataki kutoka. Msimamizi amemkubalia pendekezo lake: wakulima wa korosho, wilaya fulani ya Mtwara, sampuli ya watu mia moja. Anachapisha nakala mia moja za dodoso. Nauli ya kwenda kusini inakwenda kwenye mambo mengine, maana bumu likitoka lina wenyewe. Usiku anawaita wenzake wawili hosteli, wanagawana makaratasi. Huyu bluu, yule nyeusi. Mmoja ajaribu na mkono wa kushoto ili miandiko isifanane. Mwandike huyu miaka 34, huyu 41, huyu mjane, huyu darasa la saba. Nakubali kabisa. Nakubali. Sina uhakika. Usisahau kuweka mmoja aliyekataa, msimamizi asije akashuku. Alfajiri ikiadhiniwa kijiji kizima kimezaliwa, kina wakulima wasio na mama wala shamba, na asubuhi kinaingizwa kwenye programu ya takwimu na kuchorewa chati za rangi.

Hitimisho la kazi kama hiyo unaweza kulitaja ukiwa umefumba macho. Changamoto kubwa ni elimu duni kwa jamii, mitaji midogo na miundombinu. Serikali na wadau waongeze jitihada. Nimesoma ripoti za korosho, za mama lishe, za bodaboda, za kisima na za choo cha shule, zote zikiishia kwa wadau hao hao. Hao wadau wangekuwa watu wangeshakufa kwa uchovu.

Mkulima halisi angekushangaza. Ungeshuka Newala, ukaamkia wazee, ukakaa chini ya mkorosho bila kuharakisha mtu, ungesikia kwamba salfa ilifika ubwiriunga ukiwa umeshakula maua. Ungesikia habari za kangomba: namna baba mmoja alivyouza korosho zake zikiwa bado ziko mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto aliumwa mwezi usio na mnada. Ungesikia wanavyoyahesabu makato ya stakabadhi ghalani, kila mmoja kwa namna yake. Mwingine angekugombeza akuulize wale waliokuja kabla yako na makaratasi kama hayo walileta nini. Hilo la mwisho pekee lingetosha kuwa mada. Hayo yote hayamo katika dodoso lako kwa sababu hukuyajua, na ndiyo maana ulitumwa. Ukishajijibu mwenyewe, umeuliza nini? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ninyi hamtaki hata kuinuka kitandani.

Wako waliofanya kazi hii bila joho. Shaaban Robert, karani wa serikali ambaye hakukanyaga chuo kikuu, alipotaka kuandika wasifu wa Siti binti Saad alimfuata mwenyewe akamsikiliza, bibi akiwa tayari yuko ukingoni mwa maisha yake. Siti alifariki mwaka 1950. Angeahirisha safari ile leo tungekuwa na nini? Mathias Mnyampala, mtumishi wa serikali kule Ugogo, alikusanya habari za watu wake akazitoa kitabu mwaka 1954, historia, mila na desturi za Wagogo, na mpaka leo wanaoandika tasnifu kuhusu Wagogo hawawezi kumruka. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapishwa mwaka 1980, akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 ya kusubiri! Wewe unaambiwa urudie sura ya tatu unasema msimamizi ana roho mbaya.

Mtanijibu kuwa tatizo ni Kiingereza. Hapo nitawasikiliza, maana si kisingizio kitupu. Mtoto aliyesomeshwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akatupwa sekondari katika lugha nyingine, akafika chuoni bado anaiogopa sentensi yake mwenyewe, mtu huyo akikutana na aya nzuri ya mwingine ataichukua kama ilivyo, maana akiigusa ataiharibu. Nakiri uzito wa hilo. Lakini dawa yake ipo. Funga kitabu, mweleze mwenzako kwa Kiswahili kile mwandishi alichosema, andika ulichokieleza, kisha ndiyo ukipeleke Kiingereza, hata kikiwa cha kuchechemea. Sentensi yako inayochechemea ni yako, utaipeleka hospitali ya sarufi itapona. Na wapo wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili tupu, ikisiri mpaka hitimisho, kwao kisingizio hiki hakipo, na bado baadhi yao wananakili. Kwa hiyo tusiubebeshe Kiingereza dhambi zote.

Mtanijibu pia kuwa hamkufundishwa. Hapa ndipo ninapowageukia wahadhiri, na kwa heshima yao ninaanza na shikamoo. Waheshimiwa, stadi za kuandika mnazifundisha mwaka wa kwanza, ukumbini, kwa mamia ya watoto, wengine wamesimama dirishani. Mtihani wake ni wa kuchagua a, b, c. Baada ya hapo miaka miwili inapita ya kudesa: mhadhiri ana desa lake, mwanafunzi analikariri, analirudisha kwenye mtihani kama alivyolipokea, anapewa alama. Halafu ghafla, mwaka wa mwisho, mnamwambia aandike kurasa 80 zenye hoja yake. Hoja aipate wapi? Samaki mkunje angali mbichi. Mngemtaka aya moja tu kila wiki tangu mwaka wa kwanza, yenye dai moja na ushahidi mmoja, mkamrudishia ina wino mwekundu, msingehangaika kuwinda steshenari. Najua mko wachache na wanafunzi ni wengi. Najua pia wako miongoni mwenu wanaotia sahihi bila kufungua ukurasa wa pili, na wengine, Mungu awasamehe, huchukua kazi nzuri ya mwanafunzi wakaitoa jaridani kwa jina lao. Mwanafunzi akiona hivyo ajifunze nini? Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Msidhani mambo haya hufukiwa yakaoza. Ujerumani, waziri wa ulinzi Karl-Theodor zu Guttenberg alijiuzulu mwaka 2011 ilipobainika kuwa tasnifu yake ya udaktari ilisheheni maneno ya watu wengine. Mwaka 2012 Rais wa Hungaria, Pál Schmitt, akaacha urais baada ya chuo kumvua shahada yake. Mwaka 2013 ikamfika Annette Schavan, naye, sikilizeni vizuri, alikuwa waziri wa elimu wa Ujerumani. Tasnifu yake ilikuwa ya mwaka 1980. Mwenyewe alikana kukusudia kudanganya, lakini chuo kilimvua shahada na uwaziri ukaenda. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mama yule ilikuwa ya miaka 33 na bado ilifika mwisho. Ripoti zenu ziko kwenye kompyuta, ambako kuzilinganisha na za wengine ni kazi ya dakika.

Wanunuzi hawako kwetu peke yetu. Vijana wengi wasomi wa Kenya wameishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani, usiku kucha, kazi moja leo ya falsafa na kesho ya uuguzi. Biashara hiyo imetia watu hofu mpaka Uingereza ikatunga sheria mwaka 2022 kufanya uuzaji wa kazi kama hizo kuwa kosa la jinai kule England. Mimi nikisikia habari hizo huona aibu na fahari kwa pamoja. Fahari kwa kuwa kichwa cha Nairobi kinashinda mtihani wa London. Aibu kwa kuwa kichwa hicho kimekodishwa, na shahada inakwenda kutundikwa ukutani kwa mtu mwingine. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hapa mwenye nguo ndiye anayebaki uchi.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 amekuja na mgeni mwingine, akili unde, na nasikia hata wenye steshenari wanalalamika wateja wamepungua. Unaiuliza, inakuandikia. Ina adabu, haichoki, haidai nauli. Lakini ina kasoro moja ambayo mwanafunzi mvivu haioni: isipojua, huweza kuzua. Inakupa jina la mwandishi, mwaka, jina la jarida, namba ya ukurasa, vyote vimenyooka, ukienda maktaba kitabu hicho hakijapata kuandikwa na binadamu. Katika elimu ya hadithi mpokezi wa namna hiyo ana jina lake, wala si jina la kumwita mtu mbele ya wakwe. Itumieni kama mnavyomtumia mpiga porojo wa mtaani, mkamsikiliza kisha mkaenda kuhakikisha. Akili za kuambiwa changanya na zako; nanyi mnachanganya za kuambiwa na za kuambiwa.

Wala msiseme nchi imewanyima. Chuo cha Mlimani kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi kumi na watatu wa sheria. Leo pale Mlimani ipo maktaba iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa China, yenye uwezo wa kuketisha watu 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000. Zanzibar, pale Kilimani, ziko nyaraka za karne na karne zinangoja mtu mwenye subira ya kusoma mwandiko wa zamani. Mwalimu Nyerere alipata kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake shehena. Asiporudi nayo, alisema, ni msaliti. Yeye alimfikiria anayekula akakimbia. Hakumfikiria anayekula, akalala nyuma ya nyumba, kisha akarudi na gunia la makapi.

Na kwa kuwa nimeshataja kula, niacheni niseme na la pili ingawa halikuwa safari yangu. Hizi sherehe za mahafali zimezidi. Kijana hajamaliza kusahihisha sura ya nne, kamati imeshaundwa, ina mwenyekiti, mhazini na kundi la WhatsApp. Ukumbi umelipiwa, matarumbeta yamelipiwa, mshereheshaji amelipiwa, mashangazi wameshona sare. Mpaka watoto wa chekechea siku hizi wanavalishwa majoho na kofia za pembe nne kwa kujua kuhesabu hadi ishirini! Na keki, ndugu zangu, huwa ya umbo la kitabu kilichofunguliwa. Katika ukumbi mzima hicho ndicho kitabu pekee, na kinaliwa. Mhitimu anaitwa jukwaani, anamlisha baba, anamlisha mama, anatajwa kuwa msomi, anapigiwa vigelegele. Hakuna hata mmoja, kuanzia mgeni rasmi mpaka mpiga ngoma, anayemuuliza alitafiti nini. Laiti tungeliuliza hilo ukumbini kwa kipaza sauti, biashara ya steshenari ingekufa msimu mmoja, maana nani angekubali kusimama mbele ya wajomba akagugumia?

Ninyi wazazi ndio mmeifuga tabia hii. Mmemuuliza mtoto anamaliza lini. Mmemuuliza ajira anayo. Mmetuma fedha ya kuchapishia utafiti bila kushangaa kuwa ni kubwa kiasi cha kujengea choo. Baba unayepima mchanga wa fundi kwa ndoo ili usipunjwe, umeshindwa kumwambia mwanao akusomee ikisiri, ukurasa mmoja tu, jioni moja?

Kadi za mchango za msimu huu zimeshaanza kunifikia. Nitachanga, siwezi kujitenga na watu. Lakini mwaka huu nimewaarifu wahazini kwamba ahadi yangu ina mafungu mawili. La kwanza nitalitoa kama kawaida. La pili liko kwenye bahasha, na atakayelipata ni mhitimu atakayenijia mwenyewe, bila karatasi na bila simu, akanieleza alimuuliza nani, alijibiwa nini, na ni jibu lipi lililomfanya afute alichokuwa ameshaandika.